Njia ya Baisikeli Toka Hanga Hata Songea

Mwaka huu mwana wetu wa pili amepata kazi mjini Songea. Kila Jumatatu huondoka hapa Hanga kwa baisikeli, na Ijumaa hurudi. Kabla hajaanza alituuliza, "Baba, nipite njia gani?" Swali hilo lilituweka macho usiku ule, kwa maana hakuuliza habari ya safari moja, bali ya safari karibu 100 kwa mwaka.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni njia ya miguu, ipitayo porini katika miombo na kando ya mashamba ya tumbaku. Hiyo ni fupi, ina kivuli, wala haina magari. Ya pili ni barabara ya udongo iendayo njia panda ya Lumecha, na toka hapo ni lami itokayo Namtumbo kwenda Songea.

Mama yake alisema, "Mwanangu, pita porini. Lami ni ya malori." Wala hakukosea. Tangu mwaka 2022, vita vya Ukraina vilipowafanya watu wa Ulaya watafute makaa ya mawe katika nchi za mbali, malori yalizidi kutoka machimbo ya Ngaka, upande wa Mbinga, yakipita Songea, Namtumbo na Tunduru kwenda bandari ya Mtwara. Lori kubwa likikupita karibu, upepo wake huiyumbisha baisikeli.

Lakini sisi twaijua njia ya porini. Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, tulirudi kwa njia hiyo baada ya mvua kubwa. Maji yalikuwa yamelifunika daraja la magogo. Tulijiambia ya kuwa tumelivuka mara nyingi. Gurudumu la mbele likateleza kati ya magogo mawili, tukaanguka mtoni, na mguu ukateguka. Tulikaa gizani muda wa saa nne tukiita, wala hapakupita mtu. Majirani walitupata kwa taa karibu na usiku wa manane.

Basi Jumamosi moja tulizipita njia zote mbili pamoja na mwana wetu, tena na mzigo wake wote, kwa maana baisikeli tupu hudanganya. Hatukupima urefu tu. Tulihesabu vijito, mchanga, vilima vya kusukuma, na nyumba ambazo mtu aweza kuomba maji au pampu. Porini tulivuka vijito vitatu, na nyumba tuliona mbili. Barabarani vijiji vilifuatana. Tena njia ndefu ilitufikisha mapema kuliko ile fupi. Hapo tukaichagua barabara.

Walakini hatukuidharau hofu ya mama yake. Mwana wetu asiondoke kabla ya mwanga, wala asiendeshe usiku. Ashike mkono wa kushoto. Malori mawili yakikaribia kupishana, ashuke asimame majanini. Huo si woga. Tena Songea iko upande wa magharibi wetu: asubuhi akienda jua liko mgongoni mwake, na jioni akirudi liko mgongoni vilevile. Lakini dereva ajaye mbele yake hupigwa machoni na jua, asimwone. Kwa hiyo avae nguo nyeupe. Mvua ikimkuta Lumecha, angoje chini ya paa. Na asibadili njia pasipo kumwarifu mama yake.

Sharti hili la mwisho ndilo kubwa. Ijumaa iliyopita mvua ilimchelewesha. Mama yake alikuwa na wasiwasi, lakini alijua pa kumtazamia, nasi tulijua pa kumwendea kama haja ingetokea. Kabla ya jua kuchwa tulisikia kengele ya baisikeli karibu na mwembe. Wazee walisema: Kawia ufike.