Baridi ama Moto

Alhamisi, 7 Agosti 2025

11.4. Kabla ya chai! Nimempima Baba sukari mara mbili. Mara ya pili nikamtoboa kidole kingine, nikidhani labda cha kwanza kilikuwa na asali. Mashine haina huruma: 11.4.

Kaka amepiga simu kutoka Mombasa. "Mchunge mzee." Yeye ni hodari wa kuchunga kwa simu.

Mzee mwenyewe ametulia. Kauliza kitu kimoja tu: Jumamosi tukitoka kliniki tutapitia duka la Susu, Kyumbi? Nikamjibu tutaona. Kwetu "tutaona" maana yake ni hapana. Anajua. Akavuta blanketi hadi kidevuni, akageukia ukutani.

Baridi ya mwezi huu jamani. Ukungu mpaka saa nne.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumepitia. Sijui nani alimshinda nani. Nilikuwa nimepanga twende moja kwa moja, ila kondakta alipoita tu kituo cha Kyumbi, "Makutano, Makutano!" nikaona mzee ameshashika bakora na kusimama, gari bado linakwenda.

Duka liko vile vile. Hapana, si vile vile. Tangu barabara ipanuliwe kutoka Athi River, duka linaonekana limekaa chini, kama mtu aliyebaki kitini wenzake wote wakiwa wamesimama. Lakini ndani! Kaunta ya mbao iliyolika kwa viwiko. Wavu wa waya. Patco, Big G, lolipopu, na zile peremende za rangi ambazo hugandana hadi ununue tatu ukitaka moja. Kipande cha sukari nguru chini ya gazeti. Kifungua chupa kinaning'inia kwenye msumari: kamba mpya, msumari ule ule.

Susu hata hakusalimu. Alimtazama Baba kupitia kwenye wavu, kisha:

"Dereva. Baridi ama moto?"

"Moto, Mama."

Miaka mingapi hajakanyaga hapa? Na ni kama alitoka jana. Baba hajawahi kupenda soda ya friji, anasema inauma meno na kuficha ladha. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme hanywi, mzee hanywi siku hizi, lakini Fanta ilikuwa imetoka kwenye kreti, imepanguswa kwa leso, imefunguliwa. Nikafunga mdomo.

Baba akamimina nusu kwenye kikombe, akanisukumia. "Nusu ya dereva, nusu ya tanboi." Ndivyo alivyokuwa akigawa likizo za Agosti, nikipanda naye lori. Nilikuwa na miaka minane. Niliamini kabisa kwamba mimi ni tanboi na nimeajiriwa.

Leo nimeinywa nusu yangu nikipiga hesabu. Chupa ya mililita 300: sukari gramu 30 na ushee. Vijiko saba, vinane. Gawanya kwa mbili. Sista wa kliniki alisema hata kimoja kwenye chai asitie. Nimehesabu vijiko hadi sikusikia ladha.

Saa tatu usiku: 14.1. Nusu chupa? 14.1 kwa nusu chupa?

Sikumpigia kaka.

Jumapili, 10 Agosti

Nafagia chumba chake. Chini ya kitanda, ndani ya kiatu cha mvua: chupa ya Krest. Tupu.

Nimeketi sakafuni nikacheka hadi machozi. Halafu nikakasirika. Halafu nikacheka tena. Ilitokaje dukani? Mfuko wa koti, bila shaka, wakati mimi niko upande wa pili nikinunua mabuyu. Na Susu kumpa! Hakudai hata pesa ya chupa. Nimemuuliza mzee. Kajibu bila kupepesa: "Amesema nitairudisha."

Yaani wamepanga safari ya pili, wazee wawili, na mimi nimesimama pale pale.

Mimi nami si wa kusema. Mabuyu niliyonunua ya nyumba nzima nimeyamaliza peke yangu kitandani na leo kanisani ulimi ulikuwa mwekundu, nimeimba nimefumba midomo. Anayapika mkaza mwana wa Susu siku hizi. Mabuyu yenyewe yanatoka upande wa Kibwezi. Sukari inachemshwa na maji kidogo, rangi, hiliki, mpaka ivute nyuzi, kisha mbegu zinamwagwa na kukorogwa upesi kabla haijashika. Alijifunza Mombasa. Susu anasema hiliki ni nyingi mno. Anasema akiwa anazitafuna.

Hawapatani, wale. Mkaza mwana anataka rafu ya soda za plastiki kwa sababu msafiri wa basi hawezi kurudi Kyumbi kwa ajili ya chupa. Kweli tupu. Susu: "Chupa ya plastiki haina mwenyewe." Na karatasi za nailoni zilipopigwa marufuku, Agosti 2017, mkaza mwana alinunua mifuko ya kaki, Susu akarudia kukunja gazeti kama pembe, na hadi leo kila mmoja anafunga kivyake. Kijana wa shule, mjukuu, yeye anasimamia M-Pesa na hamsaidii yeyote kubishana. Susu hataki M-Pesa. Anataka sarafu, azipange. Na chenji ikikosekana bado anakupa peremende, utake usitake.

Jumatano, 13 Agosti

10.6. Tunateremka.

Jioni nimepika isyo, mahindi na maharagwe, nikatia magadi kidogo mahindi yalainike. Mzee kanusa kutoka sebuleni akaanza habari za Konza. Reli ya kwenda Magadi inachepuka pale, tangu 1915. Yeye alikuwa akiyaita mabehewa yaliyobeba magadi "treni ya soda", na mimi utoto wangu wote nilijua yamebeba Fanta. Nilikuwa nikiyapungia mkono kwa heshima kubwa.

Kumchangamsha nikamsomea kwenye simu: Coca-Cola ilianza kuuzwa mwaka 1886, huko Atlanta, Marekani, ndani ya duka la dawa. Kwa glasi, senti tano. Aliyeitengeneza, John Pemberton, alikuwa mfamasia, na aliinadi kuwa inatuliza kichwa na uchovu.

"Duka la dawa?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi niandikie."

Sijui kwa nini jambo hili limenifurahisha jioni nzima.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumerudisha chupa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yote, tangu kwenye gari: Susu, nakuheshimu, lakini huyu ni mgonjwa, na wewe ukimpa kwa siri unanichimbia mimi kaburi lake. Maneno makali, nimeyanoa siku tano.

Nikaingia. Wakya, Susu. Akaitikia, akapokea Krest, akaichunguza mdomo kama imeharibika, akaitia kwenye kreti. Nikavuta pumzi. Kabla sijaanza, mkaza mwana kafungua friji, kasogeza Sprite mbili, akatoa kiboksi cha dawa kilichokuwa nyuma yake.

Insulini. Katikati ya soda.

Susu akainua kona ya blauzi, pale pale nyuma ya kaunta, akajidunga tumboni huku akimwambia mtoto wa watu Big G moja ni shilingi ngapi. Kisha: "Unashangaa nini? Friji ni hii moja."

Miaka tisa. Miaka tisa hajameza hata hiyo hiliki. Kumbe yale mabuyu anatafuna na kutema. Sikuona, au niliona nikafikiri ni uzee.

Nikamuuliza kwa nini basi alimpa Baba. Nilidhani atanijibu kitu. Alimtazama mzee, mzee akatazama barabara, na malori yanapita tu, moja, jingine, jingine. "Aliniambia amepona," akasema. Wa kukasirikiwa akawa Baba, na Susu ndiye aliyemkasirikia, kwa Kikamba, haraka haraka, nikashika nusu. Niliyoshika sitaiandika.

Mzee kimya. Dereva kwa miaka thelathini na mbili, kainamisha kichwa kama tanboi aliyesahau kufunga turubai.

Baadaye wakakaa juu ya kreti zilizopinduliwa, bega kwa bega, glasi mbili za maji. Nilipowaita magari yanajaa, hakuna aliyeinuka. Tumeondoka saa kumi na moja. Susu hakuwa na chenji yangu, akanipa Patco nne na soda. Baba akashika Patco, akazitazama, akampa mjukuu.

Jumapili, 17 Agosti

Alfajiri, 9.2. Nimejaza kwenye kadi ya kliniki.

Kyumbi tunadaiwa chupa moja. Hii nimekunywa mimi, garini, moto.