Nilinunua ubao wa mtu mwingine

Nimepotea siku nyingi, mnisamehe. Kazi za gazeti mnazijua. Leo siandiki siasa. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyotupa theluthi ya mshahara wangu kwenye kipande cha mbao.

Nyuma ya chumba chetu cha habari kuna meza ya mpira wa meza. Kurasa zikishafungwa, tunacheza. Kila siku nilikuwa nafungwa na mzee mmoja msanifu kurasa, mwenye raketi iliyochakaa hadi mpini umefungwa gundi ya karatasi. Nikajiambia tatizo ni kifaa. Jamaa mmoja alikuwa anarudi kutoka Dubai, nikamwagiza ubao wenye nyuzi za kaboni, kama wa mabingwa wa China ninaowatazama kwenye YouTube.

Siku ya kwanza nikafungwa seti 3 kwa 0. Nilikuwa nikigusa tu mpira, unatoka nje ya meza.

Kesho yake nikamwendea. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete hicho kitu chako." Akakigonga kwa kidole, kikalia kwa sauti nyembamba. Akagonga cha kwake, kikalia kwa sauti nzito. "Unasikia? Chako kigumu. Mpira haukai, unaruka hapo hapo. Sasa niambie, wewe pointi zako unazipataje?"

Sikuwa na jibu. Sijawahi kujiuliza.

Basi nikaanza kusoma. Kumbe kanuni zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mbao halisi. Tofauti inaletwa na aina ya mbao, idadi ya matabaka, na kama kuna nyuzi za kaboni katikati. Ubao wa matabaka 5 ya mbao tupu kwa kawaida hunyumbulika zaidi, unakupa nafasi ya kuuzungusha mpira na kuutuliza. Wa matabaka 7 mara nyingi huwa mgumu zaidi, unamfaa anayekinga na kupiga smashi karibu na meza. Kaboni inaongeza kasi, lakini inataka mkono uliokwisha kufundishwa. Anayecheza mbali na meza akikata mipira huchukua ubao mpana wa polepole. Usidhani huyo ni mnyonge: mwaka 2003 kule Paris, Joo Se-hyuk wa Korea Kusini alifika fainali ya dunia kwa kukata mipira, akafungwa na Werner Schlager wa Austria.

Na mimi je? Ukweli ni kwamba nasimama karibu na meza, nakinga, nasubiri mwenzangu akosee. Nilinunua ubao wa mshambuliaji kwa sababu natamani kuwa mshambuliaji. Iliniuma kidogo, maana hata mhariri wangu aliwahi kuniuliza kwa nini makala zangu zinasikika kama za mtu mwingine.

Ule wa kaboni nimeuuza kwa nusu bei, na kodi ya nyumba bado nadaiwa. Nimenunua wa matabaka 5, mbao tupu, wa bei ya kawaida. Raba zitachakaa, nitabadilisha. Ubao wenyewe utadumu miaka.

Bado nafungwa. Lakini Ijumaa iliyopita nilimchukua mzee seti moja, 11 kwa 9. Akatabasamu, akasema, "Leo nimecheza na wewe."