Kati ya Ngamiani na Muheza

Tanga ya miaka ya tisini ilikuwa mji wa baiskeli. Alfajiri, barabara za Ngamiani, zile zinazoitwa kwa namba, zilijaa kengele za waendao bandarini na viwandani. Wanafunzi tulipita pembeni na mashati yetu meupe, huyu kashika fagio, yule kidumu cha maji. Baba alikuwa kuli bandarini, mama akishona nguo barazani. Nilikuwa darasa la tano ndoa yao ilipovunjika. Wazee walikaa, baraza la usuluhishi likakaa, wapi! Mama akarudi kwao Muheza, mimi nikabaki na baba.

Majirani walinionea huruma kwa kulala mbali na mama. Kuhusu shule hakuna aliyeuliza, na huko ndiko mambo yalikoharibikia. Ada ya shule ya msingi ilikuwa bado haijafutwa, na juu yake kulikuwa na michango ya madawati na mlinzi. Baba alisema mama naye alipe, maana cherehani anayo. Mama alisema mtoto yuko kwa baba yake, basi baba alipe. Mimi nikawa natolewa mstarini na kurudishwa nyumbani. Mwisho wa wiki nilikwenda Muheza; Jumatatu basi likichelewa, nilikuta mahudhurio yameshaitwa, na daftari la hesabu nimelisahau kwa bibi.

Kisha mama akanichukua moja kwa moja, bila barua ya uhamisho. Shule ya Muheza haikunipokea, na ile ya Tanga ilikuwa imeshanihesabu mtoro. Wenzangu wakiwa darasani, mimi nilikuwa shambani kwa babu nikichuma machungwa.

Bibi ndiye aliyemwambia mama, "Nenda Ustawi."

Afisa ustawi wa jamii alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Alianza na mimi peke yangu. Unaamka saa ngapi? Nani anakagua madaftari yako? Usiku unasomea wapi? Hakuniuliza nani mkosaji, wala nampenda nani zaidi. Baadaye akamwita baba kwa barua. Baba alikuja amefura, akianza kueleza makosa ya mama. Yule afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Baba, mmeachana nyinyi wawili. Mtoto hajaachwa."

Siku ile makubaliano yaliandikwa na wote wawili wakatia saini: baba alipe ada, michango na sare, mama anunue madaftari na viatu, nisome Tanga mpaka darasa la saba, Muheza iwe ya likizo. Afisa akafuatana nami shuleni, akazungumza na mwalimu mkuu mpaka jina langu likarudi daftarini. Mwalimu wa darasa aliombwa asinihoji habari za nyumbani mbele ya wenzangu, na nikikosekana ampelekee afisa taarifa.

Wazazi wangu hawakurudiana, na baba aliendelea kuchelewesha michango. Lakini kila alipochelewa, palikuwa na mtu wa kumkumbusha na karatasi yenye saini yake. Darasa la saba nilimalizia katika shule ileile ya Ngamiani.

Miaka mingi baadaye niliisoma Sheria ya Mtoto ya 2009. Inasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana au wametalikiana ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla. Na kwamba ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine, ila ziara hizo zisivuruge masomo yake. Yule afisa ustawi alikuwa akiyafanya hayo kabla sheria hiyo haijatungwa.

Leo ada imefutwa mpaka kidato cha sita, lakini sare, daftari na nauli bado vinahitaji mtu wa kuvitoa. Kwa hiyo nawaomba walimu: mtoto wa wazazi walioachana akianza utoro, msianze na fimbo. Mpelekeni Ustawi, na wazazi wote wawili waitwe.