Kutoka Sayari Tisa hadi Enaiposha

Mwaka 1995 nilikuwa shule ya msingi huku Ngomeni, pwani ya Kenya, na sayari zilikuwa tisa. Mwalimu alizichora ubaoni, nasi tukazikariri kwa sauti moja mpaka Pluto. Kama nyota nyingine nazo zina sayari zake, hakuna aliyeuliza. Oktoba ya mwaka uo huo Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza kwamba 51 Pegasi, nyota inayofanana na jua letu, ina sayari inayoizunguka kwa siku nne tu. Habari hiyo ilinifikia miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni nasomea ualimu wa fizikia.

Na kumbe tulikuwa tukikariri huku San Marco, kituo cha kurushia roketi, iko mbele ya macho yetu. Ukisimama ufuoni unayaona majukwaa yale ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yao, nasi tuliyazoea kama tulivyoizoea mikoko. Roketi ya mwisho iliruka hapo Machi 1988, nami nilikuwa mdogo mno kuikumbuka. Kumbukumbu niliyonayo ni ya babu.

“Jamhuri ya mwaka sabini, mjukuu wangu, waliirusha Uhuru,” alikuwa akisema, na hapo hadithi yake hukoma. Chuoni ndiko nilikosoma yaliyofuata. Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Ilivigundua vyanzo vyake kwa mamia, na vipimo vyake kuhusu chanzo kimoja, Cygnus X-1, vikawapa wataalamu sababu nzito ya kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta: mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi inayoelekea mashariki, na mashariki yetu ni bahari tupu. Niliposoma hayo maktabani nilijawa fahari, na uchungu pia, maana babu alikuwa ameshazikwa bila kujua alichokishuhudia.

Tangu hapo nikawa mtu wa kufuatilia mambo ya falaki. Mwaka 2006 Pluto ikatolewa, sayari zetu zikabaki nane. Mwaka 2009 darubini ya Kepler ikapelekwa angani, na sayari za nyota nyingine zikaanza kumiminika. Leo zilizothibitishwa zimepita 5,000.

Darasani nafundisha jinsi zinavyopatikana kwa taa na ushanga. Tunafunga madirisha, tunawasha taa ya chemli juu ya meza, na mwanafunzi mmoja anashika simu yenye programu ya kupima mwanga. Mwingine anaupitisha ushanga mbele ya taa, taratibu, ukining’inia kwenye uzi. Namba kwenye simu inashuka kidogo, inatulia, inapanda tena. Darasa zima hunyamaza namba ikishuka. Wakishaona hivyo nawaambia kwamba sayari yenyewe hatujaiona. Tumeona mwanga ukipungua, basi. Ila kwa upungufu huo twaweza kukadiria ukubwa wake, na ukijirudia tunajua mwaka wake una siku ngapi.

Sayari ninayoipenda kuliko zote ilipatikana hivyo hivyo, mwaka 2009. Kundi la David Charbonneau lilitumia darubini ndogo, kila moja yenye kioo cha sentimita 40 hivi, likaona nyota nyekundu hafifu iitwayo GJ 1214 ikififia kwa zaidi ya asilimia moja kila baada ya saa 38. Iko umbali wa miaka ya nuru 48. Kwa miaka mingi wataalamu walijaribu kuipima hewa ya sayari hiyo wakashindwa, kwa kuwa imegubikwa na ukungu mzito.

Ilibidi ingojewe darubini ya James Webb, iliyorushwa kutoka Kourou siku ya Krismasi 2021. Kituo chetu cha Malindi kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoifuatilia roketi yake. Mwaka uliofuata Webb iliikodolea macho GJ 1214 kwa karibu saa 40. Matokeo ya utafiti huo ulioongozwa na Eliza Kempton, yaliyotolewa Mei 2023, yalionyesha joto la nyuzi za Selsiasi 279 upande wa mchana na 165 upande wa usiku.

Mwezi uliofuata Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukatangaza majina yaliyopendekezwa na kundi la Wakenya, kwa Kimaa: nyota ikawa Orkaria, sayari ikawa Enaiposha. Niliyaandika ubaoni kwa herufi kubwa.

Msichana mmoja wa kidato cha nne akauliza, “Mwalimu, Mkenya anayeisoma ni nani?” Nilimjibu kwamba nafasi hiyo inamngoja. Baadaye mamake alinijia, akiwa na wasiwasi wa haki kabisa. “Mwalimu, kazi hiyo inalisha?” Nilimweleza kwamba mtaalamu wa sayari hizi hushinda kwenye kompyuta akichambua takwimu, na ujuzi huo unatakiwa benki, hospitali, na hata kwenye kampuni za simu. Nikamwambia pia kwamba takwimu za Kepler na za TESS, darubini iliyoifuata, ziko wazi kwenye intaneti, bure, kwa yeyote.

Bintiye ameshaanza kuzichambua. Jumamosi hubaki kwenye chumba cha kompyuta, akitafuta mwanga unaoshuka.