Malisho Ndiyo Ujira wa Punda

Ndugu msomaji, wewe uishiye mjini huenda hujapata kumiliki punda, lakini yawezekana sana kwamba umekwisha kunufaika na jasho lake. Katika miji yetu ya bara, kama vile Dodoma na Singida, punda huvuta mikokoteni ya maji, mkaa na matofali hadi milangoni mwa watu. Leo nakuomba tufikiri pamoja juu ya jambo moja: mnyama huyu astahili saa ngapi za malisho kwa siku?

Swali hilo lilizuka nyumbani kwa kaka yangu, pembezoni mwa mji wa Dodoma. Kaka ana punda wawili na mkokoteni mmoja. Kila safari hubeba madumu 10 ya maji ya lita 20 kila moja, yaani kilo 200, mbali na uzito wa mkokoteni wenyewe. Kwa maji hayo nyumba nzima inakula, na binti yao anasomeshwa chuo cha ualimu. Kiangazi kilichopita, siku ya kulipa ada ilipokaribia, kijana wao mkubwa, ambaye ndiye awaswagaye punda hao, alitoa shauri kwamba wasipelekwe tena machungani. Wafanye kazi tangu alfajiri hadi magharibi, kisha wapewe debe la pumba zizini.

"Baba mdogo," aliniambia, "majani hayalipi ada."

Msomaji, usimcheke kijana huyo. Hesabu yake ilikuwa wazi, kwani kila saa ya malisho ni safari iliyopotea. Lakini hesabu hiyo ilimchukua punda kuwa ng'ombe mdogo, na hapo ndipo wengi wetu tuliolelewa miongoni mwa ng'ombe tunapopotoka. Ng'ombe hucheua. Hula upesi, huyaweka majani tumboni kama akiba, na usiku akiwa amelala zizini huyarudisha mdomoni na kuyatafuna upya. Punda, kama jamaa yake farasi, hacheui. Tumbo lake ni dogo, nalo halikuumbwa kwa shibe moja kubwa, bali kwa kula kidogo kidogo kwa muda mrefu. Farasi aliyeachwa huru aweza kula kwa saa 16 hivi katika siku moja. Tindikali ya tumboni mwake hutoka usiku na mchana, awe anakula au hali. Akikaa muda mrefu bila majani, tindikali hiyo huchoma ukuta wa tumbo na kuleta vidonda. Punda naye hanusuriki na maradhi hayo. Na hilo debe la pumba, likiliwa kwa mkupuo mmoja, laweza kumletea msokoto wa tumbo, au kumharibu kwato hata ashindwe kusimama.

Je, basi punda aachwe malishoni kutwa kucha? La hasha. Punda ni mtoto wa nchi kavu. Utafiti wa nasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba alianza kufugwa huku huku Afrika ya Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Huweza kuishi kwa majani makavu na mabua ambayo farasi angedhoofika nayo. Kule Uingereza, ambako majani ni mabichi na yenye rutuba, wenye punda hulazimika kumpunguzia malisho asije akanenepa mno na kuugua kwato. Kwetu Dodoma wakati wa kiangazi mambo ni kinyume: majani ni haba, hivyo mnyama huhitaji saa nyingi ili ajaze tumbo. Na usiku hawezi kuachwa nje, kwa kuwa fisi yupo.

Tuliketi jioni moja, kaka, shemeji, kijana na mimi, tukayapima yote hayo. Shemeji, aliyekuwa kimya muda mrefu, akauliza, "Punda mmoja akifa, hiyo ada atailipa nani?" Hakuna aliyemjibu. Biashara ya ngozi za punda imewapunguza sana wanyama hao barani mwetu, hata mwezi Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuwapiga marufuku wanaowachinja kwa ajili ya ngozi. Kupata punda mwingine si jambo rahisi.

Ikaamuliwa hivi. Kazi ianze alfajiri na kukoma saa nne. Tangu saa nne hadi saa kumi punda wawe machungani, penye maji na kivuli. Saa kumi warudi kwa safari mbili, na usiku wawekewe mabua makavu zizini, wayatafune kidogo kidogo hadi kuche. Siku moja kila juma wapumzike kabisa.

Uamuzi huo haukuwa wa bure. Safari zilipungua kutoka nane hadi sita kwa siku. Ada ililipwa kwa mafungu mawili, na ili fungu la pili litimie shemeji aliuza mbuzi wake. Kijana hakufurahi, wala mimi sikumlaumu. Lakini punda wote wawili waliivuka kiangazi wakiwa wima.

Ndugu msomaji, wewe mfanyakazi wajua maana ya saa za kazi na saa ya chakula. Hukuzihesabu kamwe kuwa zawadi ya mwajiri. Punda naye halipwi fedha; ujira wake ni majani, na majani hayo yahitaji muda wa kuliwa. Basi siku utakapomwita mwenye mkokoteni saa nane mchana, naye akakujibu kwamba punda wako malishoni, usimwite mvivu, wala usikimbilie kwa jirani yake anayewaswaga wa kwake kutwa nzima. Jaza ndoo zako mapema, au subiri hadi saa kumi.