Mshale wa Nne

Nilipojifunza ufundi wa saa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, marubani wa East African Airways walikuwa miongoni mwa wateja wetu wazuri. Shirika lilikuwa na Super VC10 tangu 1966, na kabla yake Comet 4. Mtu aliondoka Embakasi usiku, akapambazukiwa London. Walivaa saa za kila aina, lakini kuna moja tuliyoitambua mwenyewe akiwa bado mlangoni: Rolex GMT-Master, yenye pete nyekundu na buluu.

Mwalimu wangu, mzee wa Kihindi asiyependa maneno mengi, alinifungulia moja nione mashine. Mshale wa nne, mwembamba, wenye pembetatu kichwani, huendeshwa pamoja na mshale wa saa, ila magurudumu huupunguza mwendo hadi ukazunguka mara moja kwa saa 24. Huwezi kusogeza mmoja ukauacha mwingine. Rubani akitaka saa ya Greenwich, anayotumia angani kokote aendako, anazungusha pete, na mshale wa nne unaielekeza kwenye namba za pete hiyo. Nairobi iko mbele kwa saa 3. Basi pete inasogezwa hatua 3 kufuata mwendo wa mishale, na kwisha. Nyekundu ni mchana, buluu ni usiku. Mimi sikuona ajabu. Baba yangu Mombasa alitazama saa iliyoonyesha 7 akasema ni saa 1, na hakuwahi kuachwa na basi.

Rolex waliitengeneza katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa Pan American. Glycine wa Uswisi walikuwa wamewatangulia mwaka 1953 kwa saa yao ya Airman, ambayo uso mzima umegawanywa saa 24, hivyo adhuhuri mshale unakuwa chini kabisa. Kuizoea kulihitaji moyo. Pete za kwanza za GMT-Master zilikuwa za bakelaiti, zikipasuka ovyo, na namba zake zilitiwa rangi ya mnururisho ing'ae gizani. Bakelaiti ikaachwa, ikaja alumini. Toleo namba 1675, lililoanza 1959, ndilo lililopita sana mikononi mwetu.

Alumini nayo ina tabia yake: jua huila rangi. Buluu inakuwa kijivu, nyekundu inaishia waridi. Rubani alipoleta saa ya namna hiyo tulibandua pete, tukaweka mpya, ya zamani ikaenda kwenye pipa la taka. Uso uliogeuka manjano tuliubadilisha vilevile. Mteja alifurahi, maana alitaka chombo cha kazi kinachosomeka gizani.

Mwaka 1977 shirika likavunjika, na wateja wale wakatawanyika. Saa za betri zikajaa madukani, za bei nafuu na zisizopoteza dakika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rolex wakatoa GMT-Master II, ambayo mshale wa saa unaruka peke yake bila kugusa mingine. Ni ufundi mzuri, sibishi. Lakini tangu hapo pete haikuwa na ulazima ule wa mwanzo, na ndege zenyewe zilikuwa zimejaa saa za kutosha mbele ya rubani.

Kilichofuata sikukitarajia. Ile rangi iliyofifia, tuliyoihesabu kuwa uchakavu, ndiyo inayotafutwa leo, na pete ya waridi na kijivu huuzwa ghali kuliko mpya. Desemba 2019, kwenye mnada wa Phillips huko New York, 1675 ya Marlon Brando, aliyoivaa katika filamu ya Apocalypse Now, ilifika karibu dola milioni 2. Na saa hiyo haina pete! Kile kilichomwezesha rubani kusoma saa ya pili hakipo, na bei ikapaa hivyo hivyo. Kwa macho ya fundi, hiyo ni saa iliyosubiri kipuri.

Hata hivyo soko halibishani na fundi. Kama marehemu babu yako alifanya kazi ya ndege akaacha saa ya namna hii kabatini, mpelekee fundi asafishe mashine na kutia mafuta tu. Pete, uso na mishale visiguswe, hata akikuapia kwamba vipya vitapendeza zaidi.