Barua kutoka Lowell: zimamoto na watoto wa mtaa

Mjomba,

Huku Massachusetts baridi ndiyo inaanza kubisha hodi. Wiki hii ni ya kujikinga na moto Marekani nzima. Huja kila Oktoba, kukumbuka moto ulioteketeza Chicago mwaka 1871.

Nimeona jambo lililonigusa sana. Afisa wa zimamoto alisimama mbele ya watoto akavaa vifaa vyake kimoja kimoja: buti, koti, kofia, mwisho barakoa ya hewa. Ukiivaa ile, pumzi inanguruma kama ya mnyama. Mtoto mmoja alirudi nyuma. Afisa akapiga magoti, akampa mkono, wakasalimiana. Akatueleza kwamba mtoto asiyewahi kuiona barakoa humkimbia mwokozi wake, akajificha chini ya kitanda moshi ukamkuta huko. Jimbo hili limekuwa likitoa pesa tangu 1995 ili wazima moto wafundishe shuleni. Na hapa Lowell wanajua uchungu wa moto: Julai 2014 jengo moja liliwaka alfajiri, likaua watu saba, watoto wakiwemo.

Kuajiriwa zimamoto nako kuna mpango. Kijana hufanya mtihani wa maandishi, kisha wa nguvu: ngazi, mpira wa maji, kutambaa gizani, kumburuta mtu. Akipita, anaenda chuo cha jimbo wiki kumi hivi. Lakini kilichonifurahisha ni kwamba miji mingi humtanguliza aliyeishi pale mwaka mzima kabla ya mtihani. Mtoto wa mtaa kwanza.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, mzee wetu wa nyumba kumi hapo Bondeni, Nakuru. Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na zimamoto ni kazi ya kaunti kwa katiba ya 2010. Kaunti ikiajiri, vijana wa Bondeni wapewe nafasi. Wao ndio wanaojua uchochoro upi gari haliingii, ploti ipi geti lake hufungwa kwa kufuli usiku, na nani ana nyanya asiyeweza kutembea. Ujuzi huo hakuna chuo kinachoufundisha.

Na elimu isingoje ajali. Kule Sachangwan, Januari 2009, watu zaidi ya 110 waliangamia kwa moto wakichota petroli kwenye lori lililopinduka. Umaskini uliwapeleka pale, sikatai. Lakini petroli haingoji uiwashe. Mvuke wake hutambaa chini ukatafuta moto wenyewe, hata ulio mbali. Hilo linafundishika darasa la nne, Mjomba, kwa nusu saa.

Basi nakuomba ulifikishe jambo hili kwa chifu kwenye baraza, halafu uonane na mwalimu mkuu. Maafisa wakikubali kuja shuleni, waje na vifaa vyote, barakoa hasa, na watoto wadogo wakae mbele.

Nisalimie Shangazi na majirani wote.